SOMO LA MWEZI: UPEPO WA TAIRI ZA PIKIPIKI NA CHOMBO CHA KUUPIMA NJIANI



Wengi wetu hatuna pikipiki, lakini karibu sote tunazipanda. Anayetoka zamu ya usiku kiwandani Lilongwe anarudi Biwi kwa kabaza. Anayetoka shamba la tumbaku huko Dowa anabebwa na kabaza mpaka barabara kuu. Wenzetu wa Dzaleka, ambao wengi wao walirudishwa kambini kutoka mjini baada ya agizo la serikali la mwaka 2023, wakipata ruhusa ya kuja mjini wana safari ya kilomita 40 na zaidi, na wako wanaoikata mgongoni mwa pikipiki. Kwa hiyo tairi ya pikipiki ni jambo letu, hata kama kadi ya chombo ina jina la mtu mwingine.

Somo hili limetokana na swali la mwenzetu wa shambani. Aliona kwenye kituo cha petroli wasafiri wageni wenye pikipiki kubwa, wale wanaovuka Afrika nzima na masanduku pembeni. Kwenye usukani palikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha upepo wa kila tairi huku pikipiki ikitembea. Akaniuliza: chombo kile kinafanya kazi vipi, na je, sisi kinatufaa?

Chombo kile kina sehemu mbili. Ya kwanza ni kihisi, yaani kidude kidogo chenye betri kinachokaa kwenye gurudumu na kupima upepo na joto lake. Ya pili ni kile kioo. Kihisi hutuma habari kwa mawimbi ya redio, kwa sababu gurudumu linazunguka na waya ungekatika. Upepo ukishuka kupita kiwango kilichowekwa, taa huwaka au kengele hulia.

Vihisi viko vya namna mbili. Kimoja hufungwa ndani ya rimu, chini ya valvu. Hicho hudumu miaka mingi, lakini hufaa tairi zisizo na tyubu. Cha pili hufungwa juu ya valvu mahali pa kile kifuniko kidogo. Hiki ni rahisi, mtu hukifunga mwenyewe kwa vidole, na betri yake ni ya kidonge kama ya saa. Lakini sikilizeni kwa makini, maana wauzaji hawalisemi hili: ili kipime, lazima kibonyeze ule msumari wa ndani ya valvu na kuuacha wazi. Maana yake, kikilegea au kikivunjwa na jiwe, upepo wote unatoka. Tena kina uzito, na gurudumu likizunguka kwa kasi uzito huo huvuta valvu huku na huku. Valvu ya mpira iliyochakaa inaweza kupasuka shingoni. Mwenye kukitumia afunge valvu ya chuma.

Chombo hiki si cha jana. Gari la Porsche 959 lilikuwa nacho mwaka 1986. Kilichokifanya kiwe sheria huko Marekani ni vifo vya watu, na hapa pana habari ambayo kila mwanachama anapaswa kuijua. Tairi za Firestone zilizofungwa kwenye magari ya Ford Explorer zilikuwa zikibanduka ngozi ya juu katika mwendo, gari linapinduka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Mwaka 2000 mamilioni ya tairi hizo yalirudishwa, na bunge la nchi hiyo likatunga sheria. Kuanzia Septemba 2007 magari madogo mapya yote yanayouzwa huko ni lazima yawe na chombo cha kuonya upepo ukipungua. Pikipiki hazikuhusishwa.

Sasa tazameni tairi zile zilitoka wapi. Nyingi zilizoharibika zilitoka kiwanda cha Decatur, jimbo la Illinois. Mwaka 1994 kampuni ilidai zamu za saa 12 na mishahara midogo kwa wafanyakazi wapya. Wafanyakazi wakagoma. Kampuni ikaleta watu wengine kushika mashine. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa uchumi, Alan Krueger na Alexandre Mas, walichapisha uchunguzi wao. Waliona kwamba tairi zilizotengenezwa Decatur wakati wa mgogoro ule ziliharibika zaidi kuliko zilizotoka viwanda vingine vya kampuni hiyohiyo, na kuliko zilizotoka Decatur penyewe nyakati za amani. Na wakati mbaya kuliko wote haukuwa ule wa wageni peke yao. Ulikuwa pale uongozi ulipoanza kudai wafanyakazi warudi nyuma kimaslahi, na tena baadaye wagomaji waliporudi kufanya kazi bega kwa bega na waliowachukulia nafasi. Mambo ya namna hii hayaonekani kwenye geji.

Nirudi kwenye swali. Je, kinatufaa?

Kwa ile pikipiki kubwa ya safari, kinafaa sana. Tairi yake haina tyubu. Ikichomwa na msumari, upepo hutoka polepole, na dereva mwenye mzigo mzito anaweza asihisi mpaka amechelewa. Kengele humpa nafasi ya kusimama. Kabaza zetu nyingi zina rimu za spoku na tyubu. Tyubu ikitoboka vibaya hushuka mara moja, na kengele na anguko hufika karibu pamoja. Chombo kitakusaidia kwa upepo unaovuja kidogo kidogo, basi. Na hata hivyo usikiache kiwango alichoweka mtengenezaji bila kukitazama. Sheria ya Marekani kwa magari inaruhusu taa isiwake mpaka upepo upungue robo nzima. Tairi ya pauni 32 itakuwa imefika 24. Kwa pikipiki iliyobeba watu hiyo ni hatari tayari. Weka kengele ilie kwenye 28 au 29.

Mimi nilijifunza kwa kuumia. Nilibebwa nyuma ya pikipiki kutoka upande wa Dowa, na gunia la mahindi mbele ya dereva. Tulikuwa tumepita Lumbadzi. Tairi ya nyuma ilikuwa laini, tuliona wote wawili, tukasema tutajaza mjini. Tairi yenye upepo mdogo hujikunja kila inapozunguka, hupata joto, na mwisho huteleza juu ya rimu. Ikiteleza huivuta tyubu, na tyubu hukatika penye valvu. Ndivyo ilivyotokea. Nilikaa wiki tatu bila kwenda kazini. Fundi alinionyesha baadaye: valvu ilikuwa imelala upande siku nyingi. Valvu iliyosimama wima ni nzima. Iliyoinama inasema tairi imeshaanza kusogea. Kuitazama hakuhitaji betri, na abiria anaweza kuitazama kabla hajapanda.

Sasa tupime kwa geji ya kawaida. Kwa pikipiki nyingi ndogo za kubebea watu, kiwango ni pauni 25 mbele, na nyuma 28 dereva akiwa peke yake, 32 hivi akiwa na abiria. Usinishike mimi kwa namba hizi. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye mkono wa gurudumu la nyuma au kwenye kava la mnyororo, kila pikipiki ina yake. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni ya mwisho inayoweza kuvumilia, si ya kujazia. Nimewaona watu wengi wanaijaza hiyo. Pikipiki inarukaruka kama mpira na breki haishiki.

Pima tairi ikiwa baridi, yaani imesimama saa tatu au zaidi. Joto likipanda nyuzi 10, upepo hupanda karibu pauni moja na nusu. Tairi uliyoijaza sawasawa mchana wa joto wa Oktoba itakuwa na upungufu wa pauni tatu hivi asubuhi ya Juni, hata kama haivuji. Na ukikuta imepanda baada ya safari, usiutoe upepo, maana ikipoa itakuwa chini. Wanaoteremka Salima watashangaa geji ikisoma karibu pauni moja chini. Hewa ya ziwani ni nzito kuliko ya Lilongwe, ndiyo sababu. Tena tyubu yenyewe hupoteza pauni moja au mbili kwa mwezi hata bila tundu. Kupima mara moja kwa wiki kunatosha, na kila siku kwa anayebeba mizigo.

Yako maneno ya mwisho, na haya ni ya chama. Wako wenzetu wanaoendesha pikipiki za mwajiri: tarishi, wasimamizi wa mashamba, wapeleka mizigo. Tairi zikiisha huambiwa wavumilie mpaka mwisho wa mwezi, na wengine hununua tyubu kwa mshahara wao. Sheria ya Malawi ya usalama, afya na ustawi kazini ya mwaka 1997 inamtaka mwajiri atunze vyombo vya kazi viwe salama. Pikipiki ya shamba ni chombo cha kazi kama mashine ya kiwandani. Andika kwenye daftari tarehe, namba ya geji na jina la uliyemwarifu. Mkaguzi akija, au ikitokea ajali, daftari hilo ndilo litakalosema.

Kwa wanaoendesha pikipiki za tajiri kwa hesabu ya siku, hali ni ngumu zaidi, maana tajiri husema tairi ni juu yako. Kabla ya kuchukua ufunguo, kubalianeni mbele ya shahidi nani ananunua tairi na nani anaziba pancha.

Tawi letu limenunua geji moja ya mkono. Haina kioo wala redio. Inakaa kwa katibu, na mwenye kuihitaji aje asubuhi kabla pikipiki haijawashwa.