Fensi ya mbwa shambani: piga hesabu kabla ya kununua waya

SOMO LA WIKI
Na Mwandishi Wetu

Wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam wamenunua mashamba madogo Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo. Wanafuga kuku, mbuzi au ng'ombe wawili watatu wa maziwa, na kwa kuwa wao wenyewe wanalala mjini, wanaweka mbwa wa kulinda mali. Vifaranga, chakula na dawa huandikwa daftarini hadi senti ya mwisho. Mbwa na ua wake havimo katika hesabu hiyo, na ndiyo maana hasara inayotokana navyo humfikia mwenye mradi bila kutegemewa.

Mwandishi wa makala haya aliiona hasara hiyo ndani ya familia yake. Baba mdogo alizungushia banda lake la kuku huko Mkuranga fensi ya futi sita, akaweka na seng'enge mistari mitatu juu. Fedha nyingi ilitumika, na wageni waliisifu fensi ile. Ilipofika wiki ya tatu mvua ikanyesha, mchanga ukalainika, na mbwa akachimba chini ya waya usiku mmoja tu. Kulipokucha mbuzi wawili wa jirani walikuwa wamekufa, na mtoto wa jirani huyo, aliyekuwa akienda shule, alikuwa ameng'atwa mguuni. Kadi ya chanjo ya mbwa ilikuwa imepitwa na wakati.

Baba mdogo alilipa mbuzi. Alilipa nauli ya mtoto na mama yake kila siku ya sindano. Alifunga kazi zake mjini kwa siku kadhaa, huku mbwa akiwekwa chini ya uangalizi siku 10 kuona kama ana dalili za kichaa. Mtoto alipona. Hata hivyo ujirani haukurudi ulivyokuwa, na jirani huyo ndiye aliyekuwa akimwangalizia shamba bure. Ukijumlisha yote hayo, gharama ilizidi ile ambayo ingetosha kuziba sehemu ya chini ya fensi nzima. Alitumia fedha juu, akabana chini, na mbwa akapita chini.

Ikumbukwe pia kwamba Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamhesabu kuwa na kosa mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kuletwa na mnyama aliye mikononi mwake. Kumlipa jirani mbuzi wake peke yake kwaweza kusikumalizie shauri.

Zungushia mbwa, si shamba

Kosa la kwanza la mwekezaji mdogo ni kutaka kuzungushia shamba zima. Shamba la mita 70 kwa 60, yaani zaidi kidogo ya ekari moja, lina mzunguko wa mita 260. Wengi wakiona gharama ya mita zote hizo hupunguza ubora: waya mwembamba, nguzo chache, hakuna zege. Wanapata fensi ndefu isiyozuia kitu.

Ua wa mita 20 kwa 15, unaozunguka banda la kuku na stoo ya chakula, una mzunguko wa mita 70 tu. Fedha ileile iliyokuwa itapakwa nyembamba kwenye mita 260 inaweza kujenga mita 70 imara. Mpaka wa shamba unaweza kuachiwa michongoma au minyaa, ambayo miche yake ni rahisi. Angalizo moja: utomvu wa mnyaa ni hatari kwa macho, hivyo usipandwe mahali wanapochezea watoto.

Usinunue kwa bei ya roli

Waya unaofaa ni ule wa wavu ambao mafundi huuita chenilinki. Dukani utaulizwa geji. Kadiri namba ya geji inavyokuwa kubwa ndivyo waya unavyokuwa mwembamba. Geji 12 ina unene wa milimita 2.64, geji 14 milimita 2.03, na geji 16 milimita 1.63. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa macho, lakini waya wa geji 12 una chuma zaidi ya ule wa geji 14 kwa karibu asilimia 70. Kwa mbwa mkubwa chagua geji 12. Geji 16 ataitoboa kwa meno na makucha. Wavu mwepesi wa kuku usitumike kabisa kuzuia mbwa.

Kwa kuwa lebo hubandikwa na yeyote, tumia mizani. Roli mbili za urefu mmoja, kimo kimoja na matundu sawa lazima zilingane uzito kama geji ni ile ile. Iliyo nyepesi ina waya mwembamba, hata lebo iseme nini. Uliza vilevile kama urefu uliotajwa ni wa waya uliokwisha kuvutwa, maana wavu ukivutwa kupita kiasi hupungua kimo.

Hesabu ya pili ni ya umri. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, waya wa kwanza unauzwa Sh. 4,000 kwa mita na unadumu miaka 4, na wa pili Sh. 7,000 na unadumu miaka 10. Wa kwanza unakugharimu Sh. 1,000 kwa mita kwa mwaka, wa pili Sh. 700. Wa bei ya chini ndio ghali, na hapo hatujaweka ujira wa fundi atakayeitwa tena baada ya miaka minne. Karibu na bahari, kama Bagamoyo, hewa ya chumvi hula waya upesi, kwa hiyo unene wa zinki iliyopakwa ni wa kuulizia kabla ya rangi na mng'aro.

Mahitaji ya ua wa mita 70

Tuchukue ua wetu wa mita 20 kwa 15, wenye lango la mita 3 lililo kwenye kona. Waya unaohitajika ni mita 67. Ikiwa roli ina mita 18, nunua roli 4, zenye mita 72. Mita 5 zinazobaki ni za kiraka. Nguzo zikikaa kila mita 2.5 au pungufu kidogo, zinahitajika 28. Nguzo za mshazari za kutegemeza kona na pande za lango ni 8. Waya wa kukazia upite mistari mitatu, juu, katikati na chini, jumla mita 201. Saruji ya mashimo yote pamoja na kizingiti cha lango ni kama mifuko 12 ya kilo 50, kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2, kokoto 4.

Nguzo iwe na urefu wa mita 2.4, sentimita 60 ziingie ardhini na mita 1.8 zibaki juu. Nguzo za miti ni nafuu, ila mchwa wa Pwani huzimaliza upesi kama hazikuwekwa dawa. Nguzo za zege zina uzito wa kusafirisha, basi ulizia bei ya kufikishiwa shambani, si ya kiwandani.

Chini ndiko kwenye kazi

Mbwa hutafuta njia sehemu tatu: chini, langoni, na juu mwisho. Kwa hiyo ujenzi ufuate mpangilio huo.

Chini, laza ukanda wa waya wa upana wa sentimita 60 kuelekea ndani ya ua, ukiwa umefungwa kwenye fensi kama sketi, kisha ufukie kwa udongo na mawe. Mbwa huanza kuchimba pale pale fensi inapokutana na ardhi. Akikuta waya chini ya makucha hushindwa, wala hana akili ya kurudi nyuma sentimita 60 akaanzie huko. Katika hesabu yetu ukanda huo ni mita 67, na ndio baba mdogo aliouacha.

Langoni, mwaga kizingiti cha zege ili nafasi ya chini isizidi sentimita 5. Lango lifunguke kuelekea ndani, ili mbwa akilisukuma kutoka ndani alibane badala ya kulifungua. Kitasa kiwe cha kujifunga chenyewe, kwani kijana wa shamba akiwa na ndoo mbili mikononi hatarudi kufunga.

Juu, hakikisha hakuna kibanda, rundo la matofali wala mti wa kupandia karibu na waya. Seng'enge ni ya kumzuia mwizi. Mbwa hupenya kati ya mistari yake na kujiumiza. Upande wa barabarani weka mabati au makuti, kwa kuwa mbwa anayeona kila mpita njia hushinda akibweka na kuishambulia fensi.

Kuna ua wa waya uliofukiwa ardhini unaofanya kazi na kola ya umeme shingoni mwa mbwa. Kwa shamba la mlinzi haufai, maana hauzuii mbwa wa nje kuingia, na huyo wa nje ndiye anayeweza kuleta kichaa.

Fundi na malipo

Andikiana na fundi kabla ya kuanza: kina cha mashimo, idadi ya nguzo, geji ya waya, na sketi ya chini. Lipa kwa awamu. Kagua mashimo kabla ya zege kumwagwa, kwa sababu baada ya hapo hutajua kina chake. Waya usikazwe mpaka zege likae siku saba. Awamu ya mwisho itolewe baada ya kuzunguka fensi yote ukisukuma kila nguzo kwa mkono na kila sehemu ya chini kwa mguu. Zunguka tena kila baada ya masika na vuli, maana maji huchimba pale mbwa alipokwisha kushindwa.

Fensi haichukui nafasi ya chanjo. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa kila mwaka, na kadi itunzwe pamoja na hati za shamba. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Kwa msomaji ambaye tayari ana fensi, hatua ya kwanza haihitaji fedha. Jumamosi hii ukifika shambani, pita chini ya waya ukiwa na futi ya kupimia. Kila mahali penye nafasi ya zaidi ya sentimita 5 paandike katika daftari lile lile la kuku, upande wa madeni.