Ninunue kompyuta ya mezani sasa, au nisubiri?

SWALI: Nina steshenari hapa Bukene, nachapa barua na kutoa kopi. Kompyuta yangu ya mezani imechoka. Nasikia zinazokuja zitakuwa ndogo na zenye akili bandia. Nisubiri? – Msomaji, Bukene

JIBU: Usisubiri, ndugu yangu. Mwelekeo umeshaonekana. Makasha yanapungua ukubwa: Mac mini ya 2024 ina upana wa sentimita 12.7 tu. Prosesa nazo, kama Core Ultra za Intel, zina sehemu maalumu ya akili bandia. Barua, fomu na picha za pasipoti haziihitaji.

Kinachonitia wasiwasi ni memori. Kwenye Mac mini hiyo imeunganishwa na prosesa moja kwa moja. Ukinunua GB 16, utabaki na hizo hizo. Naona kompyuta nyingi ndogo zitafuata njia hiyo, na kwa fundi wa Nzega au Tabora hilo ni pigo: hana cha kuchomoa wala kubadilisha.

Tafuta mtumba wa ofisini, kasha la kufunguka, prosesa ya Intel kizazi cha 8 au zaidi, na diski ya SSD. Chini ya kizazi hicho, kwa kawaida Windows 11 haikubali rasmi, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afungue kifuniko, uhesabu nafasi za memori: zisipungue mbili. Na chenji inayobaki nunulia UPS, umeme usije ukakatika kazi ya mteja haijahifadhiwa.