Vyombo Vilivyokwisha Kazi

Bila shaka umewahi kuwaona watu wakinunua vyuma chakavu katika mitaa ya Tanga, Muheza au Pangani. Vyuma hivyo hupimwa kwa mizani, kisha hupelekwa kuyeyushwa ili vifanywe vitu vipya. Je, kila chombo cha nyumbani chaweza kufanywa upya kwa urahisi?

Itazame sufuria ya alumini. Yote ni ya kitu kimoja. Alumini huyeyuka katika joto la sentigredi 660. Kuyeyusha alumini kuukuu huhitaji nishati kidogo sana, yapata sehemu 5 tu katika kila sehemu 100 zinazohitajika kupata alumini mpya kutoka katika madini yachimbwayo ardhini.

Pasi ya mkaa ni ya chuma, na mpini wake ni wa mti. Mpini ukiungua, fundi huutoa akatia mwingine. Pasi ikila kutu kwa hewa ya pwani yenye chumvi, chuma chake huyeyushwa.

Sasa lifikirie jokofu. Nje lina bati, ndani lina plastiki, na katikati mna povu gumu lililoshikamana na vyote viwili. Mabomba yake yana gesi isiyofaa kuachwa hewani. Kulitenganisha ni kazi ngumu. Basi, namna chombo kilivyoundwa ndiyo huamua kama kitafanywa upya au kitatupwa.

Jaribio

Vifaa: sufuria iliyotoboka, kopo tupu la maziwa, tochi mbovu iliyotolewa betri, sumaku na bisibisi.

1. Gusisha sumaku katika kila sehemu. Chuma hunaswa, alumini, shaba na plastiki hazinaswi.
2. Fungua skrubu za tochi. Ni sehemu zipi zisizofunguka kwa sababu zimegandishwa kwa gundi?
3. Andika katika jedwali: jina la chombo, idadi ya vitu vilivyokiunda, na jinsi vilivyounganishwa.

Tahadhari: Usichome nyaya za umeme ili upate shaba. Moshi wake una sumu. Usifungue jokofu, televisheni wala betri.

Maswali

1. Ni chombo kipi kilichokuwa rahisi kutenganisha? Kwa nini?
2. Skrubu ina faida gani kuliko gundi?
3. Ungelikuwa fundi, ungeliundaje tochi ambayo ikiharibika haitatupwa?