SOMO LA BUSTANI: KIWAVI WA MCHUNGWA NA KIPEPEO WAKE

Wengi wetu hapa pwani, kuanzia Mapinga na Zinga hadi Kaole na Bagamoyo mjini, tuna mchungwa, mlimao au mndimu uani. Majani machanga yakianza kuliwa, tunakimbilia bomba la dawa. Hebu tungoje kidogo. Kwanza tumjue huyo mlaji.

Tazama jani changa kwa makini. Utaona yai moja dogo la mviringo, rangi ya manjano hafifu. Baada ya siku chache anatoka kiwavi mdogo wa kahawia na nyeupe, kama mavi ya ndege. Hiyo ni hila yake, ili ndege wasimle. Akikua anakuwa wa kijani kama jani. Ukimgusa, anatoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa, na harufu kali. Lakini haumi wala hawashi.

Akishakua, anajishikiza kwenye kijiti na kutulia, hali kitu. Baada ya wiki mbili tatu hivi, ganda linapasuka. Anatoka kipepeo mkubwa mweusi, mwenye madoa ya manjano. Kumbe ndiye yule tunayemwona kwenye maua! Wataalamu wanamwita Papilio demodocus. Ndugu zake wengi wana mikia kwenye mabawa, kama mkia wa mbayuwayu. Huyu hana.

Kipepeo hana meno. Ana mrija mrefu wa kunyonyea maji matamu ya maua. Akinyonya, unga wa ua, yaani chavua, unamganda mwilini. Akienda ua jingine la aina ile ile, unga ule unabaki huko. Ndivyo maua mengi yanavyopata mbegu na matunda.

Lakini tusimpe kipepeo sifa zote. Kwenye maboga, matango na matikiti, mfanyakazi mkuu ni nyuki. Mimea hiyo ina maua dume na maua jike. Asipopita mdudu wa kubeba unga, ua jike linanyauka na kudondoka. Mpapai nao hutembelewa na nondo wakubwa, wale wanaoruka magharibi. Kila mmoja ana zamu yake.

Sasa tatizo ni hili: dawa haichagui. Tukipulizia mti wenye maua, tunaweza kuua kiwavi, kipepeo na nyuki pamoja. Kisha tunashangaa mbona maboga hayazai.

Basi tufanye hivi:

1. Tulinde miche midogo, maana viwavi wachache tu wanaweza kuimaliza majani. Tuikague kila asubuhi, tuwaokote viwavi kwa mkono.

2. Tuwahamishie kwenye mchungwa au mlimao mkubwa. Mti mkubwa wenye afya haufi kwa kupoteza majani machache.

3. Tusipulize dawa wakati wa maua. Ikibidi kutumia dawa, tumwulize bwana shamba kwanza.

4. Tuache maua kidogo pembeni mwa bustani, wadudu hawa wapate chakula.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kiwavi wa mchungwa anakuwa nani akikua?

2. Kwa nini ua jike la boga hudondoka?

3. Kijijini kwetu tunapuliza dawa wakati gani? Je, ni wakati unaofaa?