Picha ya Mateso: Izuiwe au Ionyeshwe?

Katika somo hili tunatafakari swali linalotugusa sisi tunaoishi kando ya barabara kuu ya Tanzam: je, ni halali kupiga na kusambaza picha ya mtu aliye katika mateso?

Tuanze na mfano. Machi 1993, Kevin Carter, mpiga picha wa Afrika Kusini, alipiga picha huko Ayod, ambayo leo iko Sudan Kusini. Mtoto aliyedhoofika kwa njaa ameinama chini. Nyuma yake ametua tumbusi. Gazeti la New York Times liliichapa tarehe 26 mwezi huo. Wasomaji wakauliza: mtoto alipona? Gazeti halikuweza kusema kama alifika kituo cha chakula. Mwaka 1994 picha ikapata tuzo ya Pulitzer, na Julai mwaka huohuo Carter akajitoa uhai.

Wapo waliomlaumu kwa kupiga picha badala ya kuokoa. Wengine walisema bila picha ile njaa ya Sudan ingebaki imefichika. Hoja ya pili ina uzito: anayezuia kila picha ya kutisha humsaidia mdhalimu kuficha kazi yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica (4 Desemba 1963), unakubali kwamba kuonyesha uovu kwaweza kutusaidia kumwelewa mwanadamu kwa undani, ila kwa kutii sheria ya maadili.

Lakini kwa nini tunatazama? Plato, katika kitabu cha nne cha Jamhuri, anasimulia habari za Leontius, aliyeona maiti za watu waliouawa kwa hukumu nje ya ukuta wa Athens. Alitamani kutazama, akaona aibu, akafunika uso. Mwishowe tamaa ikamshinda. Akakimbilia pale huku akiyakaripia macho yake. Hasira ile yaonyesha kuwa ndani yetu ipo nguvu inayoweza kusimama upande wa akili dhidi ya tamaa.

Lori likipinduka kwenye mteremko wa Senjele, mara nyingi simu hutoka mifukoni kabla majeruhi hawajatolewa. Picha yaweza kufika Tunduma kabla mama wa marehemu hajaambiwa. Picha ya Carter iliwafanya watu wamuulizie mtoto. Hizi zetu hazimuulizii mtu. Sheria yaweza kumwadhibu msambazaji, lakini macho hutawaliwa na fadhila ya kiasi.

Basi, kabla ya kutuma picha, tujiulize: Je, mhusika amekwisha kusaidiwa? Je, inafichua dhuluma au inashibisha macho tu? Je, tungeituma kama angekuwa ndugu yetu?

Kwa majadiliano katika jumuiya ndogo ndogo: ni picha gani ya mateso imewahi kutusukuma kutenda jambo jema, na kwa nini hiyo?