Tiketi ya msimu ni butura ya uwanjani: ipangwe kwa hesabu, si kwa kukisia

MFANYABIASHARA wa Kanda ya Ziwa hahitaji kufundishwa biashara ya kulipa leo na kupokea bidhaa kesho. Mkoani Kagera, kununua kahawa ikiwa bado ua mtini kuna jina lake, butura. Biashara hiyo imepigwa marufuku kwa sababu mkulima mwenye shida ya fedha huuza kwa bei ya kutupa. Ziwani nako, mwenye mtaji humpa mvuvi nyavu na injini kwa sharti kwamba samaki wote watauzwa kwake.

Tiketi ya msimu ya klabu ya kandanda ni biashara ya ukoo huo huo. Mshabiki hulipa mwezi Julai au Agosti kwa mechi ambazo nyingine zitachezwa Mei ya mwaka unaofuata. Klabu hupata fedha taslimu mapema, na mshabiki hupata punguzo. Klabu ikipanga bei vibaya, huwa kama mkulima aliyeuza ua la kahawa. Mshabiki asipotazama anayemlipa, huwa kama mnunuzi ambaye mavuno hayakumfikia.

Kwa jiji la Mwanza somo hili lina uzito wake. Pamba, iliyotwaa ubingwa mwaka 1990, ilishuka daraja na kukaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kurejea mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Katika kipindi hicho Toto African, Mbao na Alliance nazo zilipanda na kushuka. Kupanda ni jambo moja, kugharamia msimu mzima ni jingine. Ligi Kuu ina timu 16, kwa hiyo kila timu hucheza mechi 30, na 15 kati ya hizo huwa ugenini. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,100. Mafuta ya basi, chakula na malazi hulipwa kabla mpira haujachezwa, wakati mapato ya mlangoni huja siku ya mechi ya nyumbani, tena bila uhakika.

Kosa la kwanza: kukata asilimia hewani

Viongozi wengi wa klabu wakiulizwa bei ya tiketi ya msimu hujumlisha viingilio vyote na kukata asilimia 20. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, si bei ya klabu yoyote, lakini inaonyesha ubaya wa njia hiyo.

Ichukuliwe kwamba kiingilio cha mzunguko ni sh. 3,000 kwa mechi 13 za kawaida, na sh. 10,000 kwa mechi mbili za nyumbani dhidi ya Simba na Yanga. Mshabiki anayeingia mechi zote 15 atatumia sh. 39,000 na sh. 20,000, jumla sh. 59,000. Ukikata asilimia 20, bei ya tiketi ya msimu inakuwa sh. 47,200.

Ichukuliwe pia kwamba klabu ina washabiki 1,000 wa kuhesabika. Kati yao, 200 huingia mechi zote na kutumia sh. 59,000 kila mmoja. Wengine 500 huingia mechi mbili kubwa na saba za kawaida, na kutumia sh. 41,000 kila mmoja. Waliobaki 300 huingia mechi mbili kubwa na mbili za kawaida, sh. 26,000 kila mmoja. Bila tiketi ya msimu, klabu inapata sh. milioni 11.8, sh. milioni 20.5 na sh. milioni 7.8, jumla sh. milioni 40.1.

Kwa bei ya sh. 47,200, wanaonunua ni wale 200 wa kwanza peke yao, kwani wengine wote hutumia chini ya hapo. Klabu inakusanya mapema sh. milioni 9.44, lakini mapato ya msimu yanashuka hadi sh. milioni 37.74. Yaani imetoa punguzo la sh. milioni 2.36 kwa watu ambao wangekuja hata bila punguzo.

Bei sahihi huanzia kwa mtu wa katikati

Kipimo cha bei si jumla ya viingilio, bali ni kiasi anachotumia mshabiki wa katikati kwa msimu, yaani wale 500 wa sh. 41,000. Ukiweka bei ya sh. 38,000, yeye anaokoa sh. 3,000 na anapata mechi sita za ziada. Sasa wanunuzi ni 700, na klabu inakusanya sh. milioni 26.6 kabla ya filimbi ya kwanza. Ukijumlisha sh. milioni 7.8 za wale 300 wanaoendelea kulipa mlangoni, mapato ni sh. milioni 34.4.

Hapa mtunza hazina atashtuka, kwa maana klabu imekosa sh. milioni 5.7 ikilinganishwa na kutouza tiketi kabisa. Ni kweli, na asifichwe. Tiketi ya msimu haiongezi fedha kutoka kwa watu wale wale timu inapofanya vizuri. Faida yake huonekana timu inapofanya vibaya.

Timu ikifungwa mechi tano mfululizo, yule wa mechi 15 huingia mbili kubwa na tano za kawaida, sh. 35,000. Wa katikati huingia mbili kubwa na mbili za kawaida, sh. 26,000. Wa tatu huja kwa Simba na Yanga tu, sh. 20,000. Bila tiketi ya msimu mapato yanaporomoka hadi sh. milioni 26. Kwa tiketi ya sh. 38,000, sh. milioni 26.6 ziko mkononi tayari, na wale 300 wanaongeza sh. milioni 6. Jumla ni sh. milioni 32.6, yaani sh. milioni 6.6 zaidi.

Kwa hiyo, katika msimu mzuri tiketi inaigharimu klabu sh. milioni 5.7, na katika msimu mbaya inaiokolea sh. milioni 6.6. Hiyo ni bima. Klabu yenye uhakika wa kushinda haina haja nayo sana, lakini iliyopanda daraja juzi inaihitaji mno.

Aidha, fedha ya mapema ina thamani. Klabu ingekopa sh. milioni 26.6 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, na kwa wastani mkopo ukakaa miezi mitano, riba ingekuwa kama sh. milioni 1.66. Ukiondoa kiasi hicho, gharama halisi ya tiketi katika msimu mzuri inabaki kama sh. milioni 4.

Kodi ihesabiwe inavyostahili

Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani Tanzania Bara ni asilimia 18. Kwa klabu inayotozwa kiwango hicho, sh. 38,000 zikiwa ni bei pamoja na kodi, wengi hukosea kwa kukata asilimia 18 ya kiasi chote na kupata sh. 6,840. Hesabu sahihi ni kugawa sh. 38,000 kwa 1.18, ambapo kodi ni kama sh. 5,797 na klabu inabaki na sh. 32,203. Ukigawanya kwa mechi 15, ni sh. 2,147 kwa mechi, kabla ya gharama za uwanja. Uwanja wa CCM Kirumba ni mali ya chama, si ya klabu, hivyo gharama hiyo lazima iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Fedha ya tiketi ni deni

Kosa la pili ni kubwa kuliko la bei. Klabu iliyouza tiketi mwezi Agosti haijapata faida. Inadaiwa mechi 15. Fedha zote zikitumika kusajili mshambuliaji mmoja, mwezi Machi basi litakosa mafuta, na watu 700 watakuwa wanaingia uwanjani bila kulipa chochote mlangoni. Utaratibu salama ni kuziweka kwenye akaunti ya peke yake na kutoa sehemu moja ya 15 kila baada ya mechi ya nyumbani.

Mji wa Bradford nchini Uingereza umetoa somo chungu. Bradford Bulls, klabu ya ragbi ya wachezaji 13, ilitwaa ubingwa wa Super League mwaka 1997, 2001, 2003 na 2005. Mwaka 2012 iliomba washabiki wachange ili isifungwe. Walichanga, lakini miezi michache baadaye klabu iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Ikaangukia huko tena mwaka 2014, na Januari 2017 kampuni ikavunjwa. Mapenzi ya washabiki yalikuwepo, lakini hayakuziba pengo la hesabu.

Mji huo huo una mfano wa upande wa pili. Klabu ya kandanda ya Bradford City ilishusha tiketi ya msimu wa 2015/16 hadi pauni 149, bei ya chini sana kwa Uingereza. Uwanja wake una viti karibu 25,000, na kiti kitupu hakiingizi hata senti. Punguzo kubwa lina maana pale ambapo nafasi zingebaki tupu. Ndivyo ilivyo kwa mechi nyingi za kawaida Kirumba. Sivyo ilivyo kwa Simba na Yanga.

Mechi mbili zenye thamani ya tatu

Katika mfano wa hapo juu, mechi mbili kubwa ni sh. 20,000 kati ya sh. 59,000, yaani theluthi moja ya thamani yote. Mwanza ina washabiki wengi wa timu hizo za Dar es Salaam. Tiketi ikiwa haina jina wala picha, mlanguzi atanunua 20, azikodishe siku ya Simba na siku ya Yanga, na kurudisha zaidi ya nusu ya fedha yake kwa siku mbili tu. Dawa ni moja kati ya mbili. Ama kadi iwe na picha ya mwenyewe, ama iuzwe tiketi ya bei nafuu ya mechi 13, na mwenye kadi apewe haki ya kununua kwanza tiketi za mechi kubwa.

Wakati wa kuuza

Msimu wa kununua pamba katika Kanda ya Magharibi huanza kati ya Mei na Juni, hivyo Julai na Agosti fedha huwa inazunguka mjini. Januari ni mwezi wa ada za shule, usitegemewe. Kwa machinga wa Makoroboi au mwendesha bodaboda wa Mkuyuni, sh. 38,000 kwa mkupuo ni nyingi, lakini sh. 9,500 mara nne kwa simu zinawezekana. Wavuvi wa dagaa hupata fedha wakati wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi, hivyo tarehe za malipo zifuate mwezi wa angani. Vikundi vya upatu navyo vinaweza kununulia wanachama kwa zamu.

Mnunuzi aulize nini

Mfanyabiashara anayetaka kuwanunulia wafanyakazi au wateja wake, aulize mambo manne kabla ya kutoa fedha. Kwanza, fedha zitawekwa akaunti ipi na nani anatia saini. Pili, mechi ikihamishiwa mji mwingine au ikichezwa bila watazamaji, kiasi gani kinarudishwa. Tatu, ligi ikisimama itakuwaje, kama ilivyosimama Machi 2020 kwa sababu ya korona na kurejea Juni mwaka huo. Nne, je, mechi kubwa zimo? Majibu yawe kwa maandishi. Akumbuke pia kwamba tiketi si hisa. Haina gawio, haina kura, na klabu ikifilisika mwenye tiketi husimama kwenye foleni pamoja na wadai wengine.

Kwa klabu, kazi ya kuanzia ni ndogo na haina gharama. Ni kuhesabu, mechi kwa mechi, watu wale wale wanarudi mara ngapi kwa msimu. Anayejua idadi hiyo anaweza kupanga bei. Asiyeijua anauza kahawa ikiwa ua.