Dondoo Muhimu: Simu za Intaneti Ofisini
Mwaka 2006 Edwin Pena alikamatwa Marekani kwa kuuza zaidi ya dakika milioni 10 za simu za intaneti, alizopitisha kwa wizi kwenye mitambo ya kampuni nyingine. Vifaa vingi walivyoviingilia yeye na mshirika wake vilikuwa bado na nywila za kiwandani.

Ndiyo maana fundi mzoefu huanza na nywila kabla hata ya kujaribu sauti. Kila simu ya mezani ipewe yake, ndefu. Namba 1001 yenye nywila 1001 hubahatishwa kwa sekunde chache.

Simu za nje ya nchi zisizohitajika zifungwe. Wezi hupenda usiku na wikiendi, ofisi ikiwa tupu. Mtoa huduma aombwe kuweka kikomo cha matumizi kwa siku, kwani ankara ya mwisho wa mwezi huja hasara ikiwa imeshatokea.

Sauti nayo isimbwe kwa SRTP, itifaki ya kulinda sauti inayopita mtandaoni, ili mdukuzi asisikilize mazungumzo.

Simu ya mkononi isisahauliwe: Mei 2019 WhatsApp iliziba tundu lililoruhusu programu ya kijasusi kupandikizwa kwa kupigiwa tu, hata mwenye simu asipopokea. Masasisho yawashwe yajipakue yenyewe.